Severina, Mkwewe na Dodoki

Mimi nilikuwa muuza madodoki, na watu waliponiuliza hiyo nayo ni biashara gani, niliwaacha wacheke. Dodoki ni jepesi. Gunia zima unalitupa juu ya lori na dereva haoni sababu ya kukudai nauli ya mzigo. Haliozi njiani, halivunjiki, panya hawana haja nalo. Na hakuna nyumba isiyo na kazi nalo. Pale Iringa mjini wapishi wa Wazungu walisugulia masufuria, wauza ulanzi walichujia pombe, fundi viatu alikata vipande vya kutandika ndani ya buti, na mama aliyejifungua aliomba lile laini kuliko yote kwa ajili ya mtoto. Mufindi kwenye chai, wachumaji walilikunja wakaliweka chini ya kamba ya kapu isiwakate. Nilikuwa hata na mzee mmoja wa kanisa aliyelikalia kwenye benchi wakati wa mahubiri.

Shida ilikuwa jina. Ukimwambia Mhindi wa dukani unataka sponji, anakuletea kitu cha mpira chenye rangi ya waridi. Mpishi wa hoteli ukimtajia sponji anawaza keki. Nesi anawaza kitu cha kufutia damu. Ukimwambia mama wa Idodi dodoki, naye hajaweka mboga jikoni, anakuchumia changa la kupika na karanga. Ndiyo maana nilijizoeza kutomwuliza mteja anataka nini. Nilimwuliza ana shida gani, halafu nikaamua mwenyewe nimtolee lipi.

Huyu ninayemwandika hapa hakuwa mteja hasa, maana hakuwahi kununua kwangu hata moja. Nilimpelekea tu mzigo kutoka kwa mama yake. Jina lake Severina.

Alizaliwa Idodi, kule bondeni kwenye joto, kwa mama Rozalia, mjane ambaye ua wake wote ulikuwa umefunikwa na madodoki. Nilinunua kwake miaka mingi, na sijawahi kuondoka pale nikidhani nimempunja. Severina alikulia kwenye kazi hiyo: kuloweka mtoni, kumenya ganda, kukung'uta mbegu, kupiga juu ya jiwe. Alijua dodoki la mwili na dodoki la sufuria kwa kulibonyeza tu. Lililokaukia juu ya ua ni la sufuria. Lililochumwa likiwa bado na ukijani, likaanikwa kivulini, hilo ni la mwili, na kati ya hayo kuna machache ya mtoto mchanga.

Alipokuwa msichana alikwenda Mufindi kuchuma chai na binamu zake. Siku za mapumziko walishuka Nyololo barabarani kununua chumvi na kutazama malori. Kwenye lori mojawapo alikuwepo utingo Mnyakyusa, Asukile, kijana mwenye maneno machache na meno mazuri. Mama Rozalia hakupenda. Alisema kule Rungwe mvua hainyamazi na madodoki yanaozea juu ya mti. Lakini ng'ombe walikuja, padri akawafungisha, na mwaka wa hamsini na nne Severina akapanda lori kwenda upande wa Mbeya, kwenye milima ya migomba, nyumbani kwa mumewe.

Kosa lake la kwanza alinisimulia mwenyewe, tukiwa tumekaa jikoni kwake.

"Nilimwona mzee mwenye heshima zake anakuja kwenye njia ya migombani, na mundu mkononi. Nikasema huyu ndiye baba yake Asukile. Sasa kwetu ungefanyaje, kaka Liberatus? Nikaweka mzigo chini, nikapiga magoti, nikamnyooshea mikono yote miwili. Kamwene, baba."

"Akaitika?"

"Akaruka."

Mzee Mwakatobe aliruka mfereji, mundu ukaanguka, akapotelea migombani kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Wanawake waliokuwa kisimani walicheka mpaka wakakaa chini. Jirani mmoja, mama mtu mzima aitwaye Sekela, ndiye aliyemvuta kando, akamfunika uso kwa khanga yake mwenyewe, akamfundisha. Kwa Wanyakyusa mke hamwangalii baba mkwe, wala baba mkwe hamwangalii yeye. Wakisikiana njiani mmoja anaingia majanini. Hawasemezani, hawagusani, na jina la mkwe halitoki kinywani mwa mke. Wao wenyewe jambo hilo wanaliita kuogopa. Anayevunja, madhara yake yanaangukia kwenye uzazi wa mwanamke.

Wakristo wa kule walikuwa wameshaanza kuulegeza mwiko huo, wanakaa kanisa moja na wakwe zao. Mzee Mwakatobe hakuwa Mkristo, na hakulegeza kitu.

Mimba ya kwanza ya Severina ilitoka mwaka uleule.

Hata hivyo usidhani waliishi kwa chuki. Walijuana kwa vitu. Mzee akikaribia uani alikohoa kikohozi kirefu, na Severina akajua aingie ndani. Asubuhi alikuta kuni zimepasuliwa vipande vidogo vya kumwenea mkono. Yeye akipika maharage alimtengea mzee yale yaliyoiva sana, kwa sababu meno ya mzee yalikuwa yamekwisha, na hakuna aliyemwambia. Aliona tu jinsi sahani zilivyorudi. Asukile alipokwenda migodini Afrika ya Kusini, kama vijana wengi wa huko, wawili hao walibaki na mji ule, maana mke wa mzee alikufa zamani, kila mmoja nyumba yake, na kikohozi katikati.

Halafu mzee akaanguka. Alikuwa anakata mwanzi, upande wake wa kulia ukafa ghafla, mkono na mguu. Rafiki yake wa rika, Yotamu, ndiye aliyemlea. Alikuja kila asubuhi, akamgeuza, akamwogesha, wakatukanana kidogo, akaenda zake. Yotamu alifariki baada ya Krismasi. Vijana wa rika la Asukile waliahidi kupokezana, lakini nusu yao walikuwa migodini na nusu kwenye kahawa. Leo anakuja mmoja, kesho hayupo.

Nilifika mwaka wa hamsini na saba, Kwaresima ikiwa inakwisha. Mvua ilikuwa ya kule, ile inayonyesha kama imeajiriwa. Tulikwama Nyololo kwenye tope tukalala juu ya magunia, na nilipofika kwa Severina nilikuwa nimelowa mpaka mfukoni. Nikamkuta mjamzito, tumbo limeshatangulia. Asukile alikuwa amekuja likizo akarudi tena migodini, na hilo ndilo alilomwachia.

Nilimpa salamu za mama yake na furushi la madodoki. Hakulifungua.

"Kaka, nenda nyumba ya pili ukamwone baba. Ukitoka uniambie mgongo wake ukoje, na umwambie mimi niko tayari kuuosha."

"Kwani Sekela hakwambii?"

Sekela alikuwa pale pale anamenya ndizi. Yeye ndiye aliyempelekea mzee chakula ndani. "Mimi naingiza sahani tu," alisema. "Wanaume wangu wawili nimewaogesha mpaka nikawazika. Sitafuti wa tatu. Tena yule mzito kama gogo."

Niliingia. Nyumba ilikuwa ya mianzi iliyosimama wima, ya kizamani, mwanga unapita katikati. Mzee alilala kwenye kitanda cha mianzi kando ya ukuta. Kifua, uso na mikono vilikuwa safi. Mkono wake wa kushoto ulifanya kazi, na aliweza kujiosha kila mahali ulipofika. Haukufika mgongoni. Sitaeleza niliyoyaona huko. Nilikuwa nimekutana na dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati, njiani, akaniambia waziwazi: mgongo ule usipooshwa kila siku kwa maji ya chumvi, utamwua kabla ya kahawa kuiva.

"Mhehe," mzee alisema. Kiswahili chake alikipata kwenye upagazi, vita vile vya Wajerumani, na alikisema kama mtu anayeshusha mizigo. "Wewe mtu wa biashara. Kuja kuuza nini kwa maiti?"

"Maiti haulizi bei, tata," nikamwita baba kwa lugha yao. "Wewe bado."

Akacheka kwa upande mmoja wa uso.

Nikaanza kazi yangu. Nilimwambia mke wa mwanawe yuko tayari kumwosha, hata akifunikwa macho. Akageuza uso. Nikamwambia Wakristo wanafanya. Akasema Wakristo wafanye. Nikamwambia aibu ya kunuka ni kubwa kuliko aibu ya kuoshwa. Hilo lilimwuma, nikaona, lakini hakupungua hata kidogo. Nilitoka bila kitu, na mimi sikuzoea kutoka bila kitu.

Ijumaa Kuu Severina alikwenda kanisani kwa Wamoravian, maana misheni ya Kikatoliki ilikuwa mbali kwa mtu mwenye tumbo lile. Nami nikaenda, kwa sababu penye watu wengi ndipo penye wateja. Walisoma habari za mateso. Walipofika pale askari anapochukua sifongo yenye siki, anaiweka juu ya mwanzi na kumfikishia Bwana mdomoni, watu walitazamana. Sifongo hawakuijua. Mhubiri akaeleza kwamba ni kitu cha baharini, chepesi, chenye matundu, kinachonywa maji na kuyatoa ukikibonyeza. Mwanzi hakuueleza. Mwanzi kila mtu alikuwa anaishi ndani yake.

Njiani kurudi, tulipofika kwenye mfereji, Severina akasimama.

"Kaka, yule askari hakumgusa Bwana."

"Hakumgusa."

"Alikaa chini na mwanzi wake, na maji yakafika."

"Siki."

"Siki, maji, yakafika," alisema, na sasa alikuwa anatembea haraka kuliko mjamzito anavyotakiwa. Nyumbani alifungua furushi la mama yake, akayabonyeza madodoki yote, moja moja, akatoa dodoki dogo lenye ukijani, la mtoto mchanga. Bila shaka mama Rozalia alilitia humo kwa ajili ya mjukuu. Akaliloweka kwenye maji ya moto, akalipiga, akaliloweka tena, mpaka likawa laini kama mkate wa jana uliotiwa kwenye chai.

"Kazi yako sasa ni kumuuzia," akaniambia.

Nilirudi kwa mzee.

"Umeleta nini tena, Mhehe?"

"Mwanzi, tata."

"Mianzi iko yangu. Nyumba yote hii mianzi."

"Huu utakuwa na dodoki kichwani. Utapita ukutani kutoka nje. Wewe umelala hapa umempa ukuta mgongo. Hakuoni, humwoni."

Akafikiri. "Huku nyuma nani anashika?"

"Yeye."

"Basi ni mkono wake. Mkono mrefu."

"Ndizi anazokupikia anazigeuza kwa kitu gani?"

"Kwa mwiko."

"Mwiko ukiingia kwenye chungu, mkono wake unaungua?"

Akajikuna kidevu.

"Na ukizila zile ndizi, umekula mkono wake?"

"Wewe unauza maneno."

"Nauza madodoki. Maneno natoa bure."

Alicheka tena, na bado alikataa. Hapo ndipo nikaketi juu ya kinu. Katika biashara, mtu akikataa bei nzuri mara ya pili, ujue kitu unachotaka kununua sicho anachokilinda. Nikamwuliza swali langu la siku zote.

"Tata, shida yako ni nini?"

Mvua ilipiga juu ya majani ya paa.

"Unajua mtoto ya kwanza?"

"Nilisikia."

"Siku ile nilisikia miguu njiani. Nikasema ni Sekela. Nilikuwa nawaza habari ya mfereji, umeziba. Kuangalia, msichana amepiga magoti. Mimi nikaruka. Lakini nilikuwa nimeshaona uso." Aligusa paja lake lililokufa, kama ndilo lenye kesi. "Mguu ulichelewa. Mtoto akatoka. Asukile hakuniambia neno. Msichana hakuniambia neno, maana hawezi. Sasa ana mwingine tumboni. Mgongo wangu ni ya mzee, Mhehe. Yule bado hajaona jua. Wewe mtu wa biashara. Ungebadilisha kipi kwa kipi?"

Nilikuwa nimemwona mkaidi. Kumbe miezi yote ile alikuwa amelala pale akilipa kwa mgongo wake.

Nyumba ya mianzi haifichi neno. Severina alikuwa amesimama barazani, chini ya paa, na kila kitu alikisikia. Hakuweza kumjibu. Akaniita mimi, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya pili ya mto.

"Kaka Liberatus, uko humo?"

"Niko."

"Mwambie huyo unayeongea naye kwamba mwaka ule nilishuka Kyela kufuata mchele, nikarudi na homa. Dresa ndiye aliyeniambia ni homa iliyotoa mtoto. Hakuna mguu uliochelewa."

Mzee aliuambia ukuta, "Homa nayo inatumwa na mtu."

"Mwambie sawa, inatumwa. Mwambie mimi ni mtu wa mbali. Mama yangu yuko Idodi, mume wangu yuko chini ya ardhi huko anachimba. Huyu mtoto akizaliwa salama, nampeleka kwa nani? Sekela atamshika, halafu Sekela ataenda kwake. Mwambie nataka ashikwe na babu yake. Kama babu atakuwa ameoza, mimi namlinda mtoto kwa ajili ya nani?"

Nimeuza na kununua tangu nina umri wa kubeba kapu, na sijasikia hoja ya kibiashara iliyokaa sawa kuliko ile. Alimwekea mzee bidhaa mbili kwenye mzani mmoja, akamwonyesha kwamba akipoteza moja, ya pili nayo inapungua. Mzee alifumba macho. Machozi yake yalitoka jicho moja tu. Upande wa pili ulikuwa umekufa nao.

"Mwambie ukuta," alisema mwishowe, "nina masharti."

Basi tukaanza, na hapo nilikuwa nyumbani. Alitaka mianzi miwili iliyounganishwa, ili mkono uwe mbali. Nikamwambia miwili itayumba na kumchoma, tukakubaliana mmoja, mrefu kuliko mtu. Alitaka mwanzi ukatwe na mwanaume. Hilo nilimpa bila kuvutana, nikaukata mimi. Alitaka Severina akae ng'ambo ya mfereji. Nikasema mvua itamwua yeye na wa tumboni, akarudi nyuma haraka, akasema basi akae barazani, lakini majani ya mgomba yaning'inizwe katikati. Alitaka mkono wa Severina usishike mwanzi mtupu. Tukauzungushia nyuzi za mgomba mahali pa kushikia. Mwisho akataka ajaribiwe kwanza mbuzi mwenye mimba, tuone kama atazaa salama.

"Tata, mbuzi si mke wa mwanao."

"Kweli," akasema. "Mwache mbuzi."

Nilitoa mwanzi mmoja ukutani, usawa wa kitanda, pakabaki upenyo. Ncha ya ule mrefu niliipasua iwe kama vidole, Severina akakaza dodoki humo kwa kamba. Mzee alishika nguzo kwa mkono wake mzima, akajivuta, akaupa ukuta mgongo. Dodoki likaingia likiwa linatiririka maji ya vuguvugu yenye chumvi, likasimama hewani kama mnyama anayenusa.

Mimi ndani nikaelekeza. "Juu. Kushoto. Hapo, taratibu. Shuka."

Dodoki likagusa. Mzee akavuta pumzi kwa meno ambayo hakuwa nayo.

"Kulia kidogo. Hapana, kulia kwake."

"Mhehe," mzee akasema, "una kelele kama mnada."

Nikanyamaza. Halafu mzee, macho yake yakiwa kwenye moshi wa dari, akaanza kuongea na mwanzi.

"Wewe mwanzi, juu kidogo."

Mwanzi ukapanda.

"Mwanzi, unaogopa. Mimi si yai."

Mwanzi ukakaza kidogo.

"Hapo. Hapo, mwanzi. Hapo Yotamu alikuwa anaruka kila siku, mvivu yule."

Nje, nyuma ya majani ya mgomba, nilimsikia Severina akiliambia dodoki, si mtu mwingine yeyote, kwamba lisichoke, kwamba maji yapo mengi, kwamba kesho litakuja na maji ya moto zaidi kama mgongo fulani utapenda. Na mzee akauambia mwanzi kwamba mgongo fulani utapenda.

Sekela alikuja na sahani akasimama mlangoni, akatazama, akashika kiuno. "Nimeishi kuona mambo," alisema. "Kwetu mianzi ilikuwa ya kujengea."

"Pita mbele, mama mzima," mzee akamjibu. "Uwe na wivu nyumbani kwako."

Nilikaa mpaka Jumatatu ya Pasaka, nikauza kidogo sokoni Tukuyu, nikaondoka. Sikuwa na hakika ya lolote. Vidonda vile nilikuwa nimeviona kwa macho yangu, na kuhusu tumbo la mwanamke mimi si mjuzi.

Nilirudi Agosti, baridi ikiwa bado imekaa milimani. Mtu wa kwanza kunipokea alikuwa Sekela, na kuni kichwani.

"Umenenepa, Mhehe. Siku hizi kwenu kuna chakula?"

"Kipo. Severina je?"

"Amezaa Juni. Wa kike. Lusia. Ana sauti, huyo. Tutamwozesha kwa mhubiri." Akahamisha kuni upande wa pili. "Ila mzee hajamshika."

"Kwa nini? Mjukuu hana mwiko."

"Hana. Mimi mwenyewe nimempelekea mara ngapi mpaka mlangoni. Anasema bado. Anasema mtoto akae kwanza, tuone."

Nilielewa. Alikuwa anasubiri hasara. Mtu aliyekwisha kupoteza mzigo mmoja njiani haamini wa pili mpaka ufunguliwe mbele yake.

Mgongo ulikuwa umefunga. Makovu yalikuwa mapana na yanang'aa, lakini yalikuwa makavu. Severina hakuwa ameacha siku hata moja isipokuwa zile alizojifungua, na siku hizo Sekela alishika mwanzi akilalamika muda wote, mzee naye akiulalamikia mwanzi kwamba leo umezeeka ghafla. Nilimwuliza Severina yeye anataka nini. Hakuwa mteja, kwa hiyo mara hii moja niliuliza.

"Nataka amshike. Nilishaliambia dodoki mpaka limechoka kusikia."

Nikamchukua mtoto kutoka kwa Sekela, nikaingia naye mwenyewe. Sikuomba ruhusa. Bidhaa nzuri huiombei ruhusa, unaiweka mbele ya mtu. Nilimlaza Lusia kwenye kifua cha mzee, nikaondoa mikono yangu, na kwa kuwa mtoto angeanguka, mkono wa kushoto wa mzee ukaja wenyewe.

Alimkagua. Nimewaona wanunuzi wa ng'ombe mnadani, na sijaona jicho kali kama lile. Alimfungua kiganja kidole kwa kidole. Alimgeuza masikio. Alitazama nyayo, akapuliza uso wake ili aone kama anapepesa, akampapasa mgongo mzima, polepole, kutoka shingoni mpaka chini, akarudia. Mtoto alimvuta ndevu. Mzee alikuwa anatafuta mahali palipoharibika, nami nikamwacha atafute, kwa sababu mnunuzi unapomharakisha hanunui.

Hakupata kitu. Alimrudisha kifuani, akamfunika kwa ukingo wa blanketi, akakaa hivyo. Nje, upande wa pili wa mianzi, Severina alikuwa amesimama.

"Mwanzi," mzee akasema.

Majani ya mgomba yalitikisika.

"Mwanzi, kesho usije mapema. Asubuhi ni baridi. Mama wa mtoto alale mpaka jua litoke."

Kisha akaniambia niwashe moto, kwa sababu mjukuu wake alikuwa amelowesha blanketi.